Fundi Aliyeunenepesha Msitu

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi cherehani, na angeridhika kuwa fundi cherehani nisingekuwa na la kuandika juu yake. Kushona anajua. Nalisema mapema nimalizane nalo, maana yanayofuata si ya kumpamba.

Chumba chake cha kushonea kinapakana na duka langu la vitambaa na vifungo. Kati yetu kuna ukuta wa mbao wenye nyufa, ambao haujawahi kumfichia mtu siri. Mteja hununua kitambaa kwangu, akaingia mlango wa pili kupimwa, kwa hiyo nimemsikia shemeji akipima watu tangu alipomwoa mdogo wangu hadi leo watoto wao wanajitegemea. Maneno yake ni yale yale: "Pumua, mama. Nguo si jela." Kisha huzungusha tepu kiunoni, na kabla ya kusoma namba hupenyeza vidole viwili kati ya tepu na mwili wa mtu. Alifundishwa hivyo na mjomba wake, na mjomba alifundishwa na mtu mwingine huko nyuma. Nafasi ya vidole viwili ndiyo inayomwezesha mtu kukaa, kuinama, kula na kucheka bila mshono kulia. Mafundi wengine wa barabara yetu hushona nguo za kusimama nazo tu, kama nguzo. Za shemeji unakaa nazo kutwa, ukainuka na heshima yako. Watu walimpenda kwa vidole hivyo, naye akajua anapendwa, na hapo ndipo palipoharibika.

Tangu ujana wake alitaka kuitwa kitu kingine. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya taa za barabarani, na barabara yetu haina taa mpaka leo. Akawa msemaji wa timu ya mpira iliyokuwa na msemaji kabla ya kuwa na mpira. Popote palipowekwa kiti mbele ya watu, shemeji alikikalia hata hakijafutwa vumbi. Nyuma yake sare za wanafunzi zilirundikana, na mdogo wangu ndiye aliyezimaliza: pindo, vifungo, matundu ya vifungo. Mdogo wangu ni mtu wa maneno machache. Mimi nilizaliwa kwanza, nikayachukua yote.

Basi ukaja mradi wa msitu.

Msitu wenyewe uko kilimani, juu ya chemchemi inayolisha mabomba yetu. Vyuo vya nchi za mbali vikashirikiana na chuo cha hapa kutafiti kama watu wanaweza kuvuna miti kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila kuumaliza msitu. Na kwa kuwa msitu una wenyewe, wenyewe nao wafundishwe kuutunza na kuupima. Jambo jema. Sina ugomvi na jambo, nina ugomvi na waliolishika.

Tuliitwa ukumbini. Mbele alisimama Mratibu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyetufahamisha kwamba sisi ni wadau. Asubuhi tulitoka nyumbani tukiwa mama fulani na baba fulani. Kufika saa ya chai tulikuwa wadau, na tulikuwa na upungufu wa uwezo. Tutajengewa. Alisema "kujengewa uwezo" mara nyingi kiasi kwamba mwashi aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama kuna kazi ya matofali.

Kisha Mratibu akaeleza kwamba mlinzi wa msitu aliyekuwa akipima miti amestaafu kwa sababu ya magoti, na mradi unatafuta mwenyeji wa kumrithi. Nani anajua kutumia tepu? Shemeji alikuwa amesimama kabla swali halijaisha. Tepu yake ilikuwa shingoni, kama kawaida yake. Alifanana na bibi harusi aliyekuja kwenye posa na shela mfukoni.

Akapelekwa mafunzo. Alirudi na kofia, buti na cheti ambacho alikitundika juu ya cherehani, pale palipokuwa na picha ya harusi yao. Kofia alituonyesha, buti alituonyesha. Alichofundishwa tulikipata kwa vipande. Kila mti wa utafiti una namba ya rangi. Unaufuta ukoga na kuondoa mimea inayoutambaa, unaweka fimbo maalumu ili upime mahali pale pale kila mwaka, unazungusha tepu, unasoma. Walipofika kwenye namna ya kuibana tepu juu ya gome, yeye alikuwa nje akipigwa picha ya jarida la mradi. Hakuona hasara. Yeye, mpimaji wa miaka yote hiyo, afundishwe kushika tepu na vijana ambao hata vifungo vyao vilishonwa na mashine?

Msimu wa kupima ulipofika akapanda kilimani na kofia yake, akapima msitu wote wa mradi. Namba zikapelekwa kwa Mratibu, naye akazipeleka huko zinakopelekwa. Baada ya muda ikaja habari kwamba msitu wetu umenenepa. Hakuna msitu mwingine wa mradi ulionenepa hivyo. Mratibu alitukusanya tena ukumbini akasema, uso wake ukimeta mafuta na furaha, kwamba hii ndiyo maana halisi ya ushirikiano wa utafiti wa kimataifa: mara tu wananchi walipohusishwa, miti imeitikia ushirikishwaji.

Nilisema pale pale kwamba na mimi wanihusishe na kuku wangu. Hakuna aliyeandika.

Shemeji akawa Mdau wa Mfano. Jina lake la ufundi likafa; sasa ukimwita fundi haitiki. Alitembea barabarani akisalimia watu kwa kiganja kilichofunguka, kama mtu anayepungia umati. Na ofisi ya misitu nayo ikafanya hesabu zake: ikiwa miti inanenepa namna hii, basi ivunwe zaidi. Kikatafutwa kibali cha kukata mteremko wote ulio juu ya chemchemi. Mwenye kiwanda cha mbao hakungoja muhuri. Alileta trekta na misumeno, akaviegesha chini ya kilima, mfanyakazi wake mmoja akilala kivulini kuvilinda.

Sasa sikilizeni ilivyojulikana. Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alikuja kupimwa gauni. Shemeji akampima huku akimhubiria habari za msitu, tepu imezunguka kiuno, vidole viwili ndani. "Pumua, mama," akasema, na bila kuvuta hewa akaendelea kueleza jinsi miti ilivyonenepa mikononi mwake. Mdogo wangu alikuwa kwenye kigoda akitoboa matundu ya vifungo. Akainua kichwa, akavitazama vile vidole.

"Baba watoto," akasema, "na miti unaipima hivyo hivyo?"

"Kupima ni kupima," shemeji akajibu.

Kisha nikaona tepu ikilegea upande wa pili wa ukuta. Mwalimu mkuu akauliza kama ameshamaliza au aendelee kupumua. Mimi nilicheka mpaka nikakaa juu ya robota la kitambaa. Mtu amepanda kilima kizima akiachia kila mti nafasi ya kukaa na kula. Mlinzi mstaafu alikuwa akibana tepu hadi gome linalia. Shemeji alipomrithi, kila mti ukaongezeka unene wa vidole viwili vya fundi, na dunia nzima ikashangilia.

Kosa lenyewe simlaumu. Mkono uliofundishwa miaka mingi hujiendea wenyewe. Ningekuwa mtu wa kumtetea, kama angeteremka siku ile ile hadi kwa Mratibu akasema, bwana, nimewapimieni miti suruali. Wangecheka, wangepima upya, yakaisha. Lakini alichofanya ni kufunga mlango wa chumba cha kushonea mchana kweupe, akaja kwangu kwa mlango wa nyuma na sauti laini ambayo sijaisikia tangu alipokuja kuposa.

"Shemeji yangu," akasema, "wewe ni mtu mzima. Neno hili lisitoke."

Nikamuuliza lisitoke kwa sababu gani. Ndipo akatoa jambo lililokuwa moyoni: amealikwa ng'ambo. Kuna mkutano mkubwa wa wataalamu wa misitu, na Mdau wa Mfano anatakiwa kwenda kusimama mbele yao na kuwaeleza wadau wa nchi nyingine alivyofanikiwa. Ameshapiga picha za pasipoti. Lakini mwaliko una sharti moja. Kwanza apime tena msimu huu, ili ionekane msitu bado unakua. Akishasafiri na kurudi, atarekebisha. Alisema "nikirudi" mara nyingi, kama mtoto anayeahidi kuoga.

Nikamwambia mimi si polisi wa vidole vyake. Nilimdharau, lakini nilinyamaza, maana mwenye mume hakuwa mimi. Mdogo wangu alimwambia jioni ile, na niliyasikia yote kwa hisani ya mbao zile, kwamba mteremko ukikatwa chemchemi itakauka, na watakaobeba ndoo si wataalamu wa ng'ambo. Shemeji akamjibu kwamba yeye hakati mti, yeye anapima tu. Kila mtu na kazi yake. Mdogo wangu akarudi kwenye kiti chake. Akawasha cherehani.

Sasa angalieni ujinga unavyozaa. Akipima kwa kubana, msitu utakuwa umekonda, na mwaliko umekwenda. Akiweka vidole vile vile viwili, msitu utaonekana umesimama pale pale, kwa sababu miti ile ni mikubwa na hunenepa polepole mno. Kwa hiyo msimu wa pili Mdau wa Mfano alipanda kilima akapenyeza kidole cha tatu. Na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kushona suti ya safari, hakuutazama mti, alitazama namba tu. Kila chenye namba alikipima na kukinenepesha.

Namba zikaenda. Safari hii hazikurudi na pongezi. Zilirudi na Daktari mwenyewe.

Si daktari wa watu, ni daktari wa miti, mama wa kigeni mwenye mvi na suruali yenye mifuko mingi, mkuu wa utafiti kwa upande wa huko. Alikuwa amekwisha kuona, kabla hata ya kupanda ndege, kwamba mti mwembamba na mti mnene imeongezeka sawasawa, kama watoto waliogawiwa sare ya kipimo kimoja. Hakumshutumu mtu. Alisema tu angependa kumwona Mdau wa Mfano akifanya kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kutembea kwa magongo, lakini kilifika kilikokuwa kinakwenda.

Shemeji hakuliona shimo. Aliona jukwaa. Aliutangazia mtaa mzima kwamba wote wapande kilimani, akavaa ile suti mpya, ya rangi ya majivu, yenye nafasi nzuri ya kupumua, akatutanguliza mimi na mkewe mbele ili picha zitoke na familia. Tukapita trekta ya mwenye kiwanda, mlinzi wake ameamka kututazama. Mratibu alikuwa akijifuta jasho, nadhani yeye alikuwa ameanza kunusa. Bwana misitu, wa ile ofisi ya misitu, alikuja na kofia yake ya kazi na uso wa mtu aliyekuja kuhesabu mbao.

Daktari hakuuchagua mti mzuri. Alitupitisha kwenye yote iliyostawi, akatufikisha mbele ya mti mmoja uliopigwa na radi. Ulikuwa umekauka tangu kabla ya mradi, hauna jani, kigogo kimechanika, mchwa wamejijengea ubavuni. Lakini namba yake ya rangi ilikuwa bado inasomeka, kwa sababu hata mti uliokufa hufuatiliwa, wajue unachukua muda gani kuoza. Daktari akagusa gome, akasema kwa upole kwamba mti huu umenenepa mwaka jana, na mwaka huu umenenepa tena.

Watu wakaguna. Mratibu akasema pengine ni unyevu.

"Unyevu," Daktari akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

Akamwomba shemeji aupime. Hapo nilimtazama mume wa mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote nikaona kwamba ameliona lile shimo. Angeweza kusema. Nafasi ilikuwa pana kuliko kiuno cha suti yake. Badala yake akatoa tepu, akaweka fimbo, akazungusha. Na mkono wake, ule uliofundishwa na mjomba, ukapenya: cha kwanza, cha pili, na baada ya kusita kidogo, cha tatu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu yangu na mkoba wake. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema pale chumbani mshono unapokwenda upande.

"Baba watoto, toa vidole. Huo umekufa, haupumui."

Sijui kama umewahi kusikia kilima kizima kikijizuia kucheka. Mwalimu mkuu ndiye aliyeshindwa kwanza. Alielewa papo hapo, maana yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa apumue, na kicheko chake kiliwaamsha ndege. Mratibu akaanza kumweleza Daktari kwa lugha yao kwamba mama huyu anamhimiza mumewe, ni namna ya wenyeji ya kutiana moyo. Daktari akamwinulia mkono anyamaze. Akaenda kwa shemeji, akavitazama vile vidole vitatu vilivyobanwa kati ya tepu na gome kama panya waliokutwa ghalani, akauliza kwa Kiswahili chake cha magongo, "Kwa nini?"

Na huyo mtu aliyekuwa msemaji wa kila kitu akawageukia mchwa. Mdogo wangu ndiye aliyejibu. Alisema mumewe ni fundi, na fundi huachia mwili nafasi. Basi. Hakusema habari ya kidole cha tatu. Hiyo aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na shemeji hajamshukuru.

Daktari alicheka, ndiyo, akakaa chini kwenye mzizi akacheka na kupangusa macho. Kisha akainuka na hakucheka tena. Alimgeukia bwana misitu akamwambia namba za misimu yote miwili hazifai kukatia hata kijiti, na kwamba mteremko usiguswe mpaka upimwe upya. Bwana misitu akasema ofisi yake ilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mwongo mkubwa. Trekta iliondoka wiki ile, na chemchemi inatiririka bado.

Ng'ambo kulikuwa na nafasi iliyokwisha kulipiwa, na mradi hauwezi kuacha kiti kitupu. Akaenda Mratibu. Tunaambiwa alizungumza vizuri sana juu ya changamoto za kuwajengea wadau uwezo, akaonyesha picha ya shemeji na kofia yake, na akapigiwa makofi. Amerudi na mkoba mpya. Kuna mradi mwingine, wa nyuki, na nasikia nyuki nao ni wadau.

Shemeji alirudi kwenye cherehani kwa sababu hapakuwa na kiti kingine. Kofia alimpa mwashi. Cheti hakukitoa, picha ya harusi bado iko kabatini. Mngetarajia mtu awe amejifunza, na amejifunza kweli, hapo ndipo ninaposhindwa hata kumdharau vizuri. Tangu siku ile anapima bila vidole. Ukiingia pale anazungusha tepu, anaibana hadi unaona nyota, anasoma namba na kuitamka kwa ukali, kama mtu anayetoa ushahidi. Ukimwomba alegeze, habanduki. Anasema sasa anapima kwa viwango vya kimataifa. Hakuna anayeambiwa apumue.

Wateja wameanza kulalamika. Mwalimu mkuu amechana gauni gwarideni, mbele ya shule nzima. Mimi nauza zipu kuliko zamani, kwa hiyo sisemi sana. Lakini shemeji akishatoka kwenda kukaa kibarazani na kueleza watu jinsi alivyohujumiwa, nasikia upande wa pili wa mbao wembe mdogo ukikata nyuzi. Ni mdogo wangu. Anafumua ubavu wa kila nguo aliyoishona mumewe, anapenyeza vidole viwili, anashona upya, na anaikunja vizuri na kuirudisha mahali ilipokuwa.